Bili ya umeme dola 603 kwa mwezi mmoja, nyumba ya vyumba vitatu. Ni baridi tu au kuna kitu?

MamaFuraha_Lexington

Habari zenu ndugu na dada zangu. Naomba mawazo ya yeyote aliyekaa Marekani kunizidi.

Sisi tuko Lexington, Kentucky. Tuko watu sita: mimi, baba Furaha na watoto wanne, mdogo kabisa ana miezi saba. Nyumba ni ya kupanga, vyumba vitatu juu, sebule na jiko chini, majirani wametubana kushoto na kulia. Tulihamia mwezi wa nane. Kila kitu humu ni umeme, gesi hakuna.

Mwezi wa kumi tulilipa dola 133. Mwezi wa kumi na mbili ikaja 236, tukasema sawa, baridi imeingia. Sasa juzi imekuja ya mwezi wa kwanza: dola 603. Nikadhani wametuletea ya mtu mwingine, nikaangalia jina, ni la baba Furaha. Yeye anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mimi niko nyumbani na mtoto. Tukiitoa hiyo hela, kodi ya mwezi wa tatu haitatimia.

Tangu ile bili ije tumeshusha joto, watoto wanakaa na makoti ndani wakifanya kazi za shule, na huyu mdogo ameanza kukohoa. Wengine wananiambia nizime kabisa, niwashe oveni niache mlango wazi. Wengine wanasema niache kulipa mpaka waje wenyewe. Mwisho wa kulipa ni tarehe 21.

Mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Asubuhi ya baridi tulikuwa tunaota moto, basi. Haya mambo ya bili sijui hata nianzie kuuliza wapi. Nisaidieni.

Baraka502

Pole sana mama. Hapa Louisville na sisi tumelia, yangu imefika 390. Winta ya Kentucky ndivyo ilivyo, mwezi wa kwanza kila mtu analia. Mimi nakushauri ulipe kidogo kidogo, mwezi wa nne itashuka yenyewe. Ukigombana na kampuni ya umeme utapoteza muda tu.

FundiTanga

Dada, pole, na usilipe kimya kimya kwanza.

Kaka Baraka amesema kwa nia njema, lakini baridi peke yake haipandishi bili kutoka 236 hadi 603 kwenye nyumba iliyokingwa na majirani pande mbili. Mimi ni fundi wa mashine za joto na baridi, niko Columbus, Ohio. Kila winta naitwa kwenye nyumba za watu wetu, Wakongo, Warundi, Watanzania, na jambo hili nalikuta mara kwa mara. Wameambiwa «winta ndivyo ilivyo», wakalipa, wakakopa, na mashine mbovu iko pale pale nyuma ya nyumba. Linaniuma sana, kwa hiyo nivumilie nikikuuliza maswali mengi.

Kwenye bili, achana na dola. Tafuta yuniti, zimeandikwa kWh, na idadi ya siku zilizohesabiwa. Niandikie za mwezi huu, za mwezi uliopita, na za mwezi wa kumi kabla hamjawasha joto. Angalia pia kama pembeni ya namba ya mita kuna neno «Estimated» au herufi E. Likiwepo, hawakusoma mita, wamekadiria tu.

Halafu nenda kwenye thamostati, kile kidude cha ukutani cha kupandisha joto. Niandikie kila neno linaloonekana pale, herufi kwa herufi, na kama kuna taa inayowaka niambie rangi yake.

Mwisho, vaa koti utoke nje nyuma ya nyumba. Kuna sanduku la chuma lenye feni juu yake? Joto likiwa linavuma ndani, feni ile inazunguka au imesimama?

MamaFuraha_Lexington

Asante sana kaka. Furaha, yuko darasa la saba, ndiye amenisomea.

Mwezi wa kumi: yuniti 870, siku 31. Mwezi wa kumi na mbili: 1,640. Huu wa sasa: 4,380, siku 31. Hakuna neno hilo ulilosema wala herufi E.

Thamostati: namba kubwa ni 70, nyuzi za Fahrenheit, kabla sijaishusha. Chini imeandikwa EM HEAT. Kuna taa ndogo nyekundu inawaka muda wote.

Sanduku la nje lipo. Joto linavuma ndani lakini feni ya nje imesimama kabisa. Juu yake kuna theluji ya wiki nzima, haijayeyuka hata kidogo, na nyayo za paka zimepita juu yake.

Nikumbushe kitu kingine. Baada ya Krismasi joto lilikatika usiku. Tukaita ofisi ya nyumba, wakamtuma mtu wao wa matengenezo. Alibonyeza pale ukutani, akasubiri hewa ya moto itoke, akasema sasa iko sawa, akaenda zake. Nje hakutoka.

FundiTanga

Dada, hiyo theluji juu ya sanduku ndiyo jibu lako.

Nieleze taratibu. Nyumba yako ina mashine mbili za joto. Ya kwanza ni pampu ya joto, lile sanduku la nje likishirikiana na kabati la ndani. Ni mashine ile ile inayopoza nyumba wakati wa kiangazi, ila wakati wa baridi inaendeshwa kinyume: inakusanya joto lililomo kwenye hewa ya nje na kuliingiza ndani. Hata nje kukiwa na barafu, hewa bado ina joto la kukusanya. Kwa sababu inahamisha joto tu, haitengenezi, yuniti moja ya umeme inakupa joto la yuniti mbili, mbili na nusu, siku za afadhali hata tatu.

Ya pili ni nyaya za joto ndani ya kabati, sawasawa na koili ya birika la umeme ila kubwa mno. Nyumba kama yako mara nyingi hufungwa za kilowati 10. Hizo zinakula yuniti moja na kutoa joto la yuniti moja. Zimewekwa kwa ajili ya kusaidia baridi ikizidi sana, na thamostati inapoziita zisaidie huandika AUX. Hilo ni la kawaida, usiogope ukiliona asubuhi moja moja.

Lakini EM HEAT si msaada. Ni amri ya dharura: zima ya nje kabisa, choma kwa nyaya peke yake. Imewekwa ili watu wasigande usiku ambao pampu imekufa, wakingoja fundi wa kesho. Taa nyekundu ile kazi yake ni kukukumbusha kwamba uko kwenye dharura. Wewe umeachwa kwenye dharura mwezi mzima na hukuambiwa.

Sasa tupige hesabu pamoja, maana utaihitaji ukienda ofisini. Mwezi wa kumi hamkuwa na joto wala kipoza hewa, kwa hiyo 870 ndiyo matumizi yenu ya kupika, kuoga, kufua, friji na taa. Toa kwenye 4,380, zinabaki 3,510. Hizo ndizo zilizochomwa kwa joto peke yake. Gawa kwa siku 31 unapata karibu yuniti 113 kwa siku. Koili za kilowati 10 zinakula yuniti 10 kila saa. Yaani zimewaka zaidi ya saa 11 kila siku iendayo kwa Mungu.

Joto lile lile, pampu ingelileta kwa yuniti kama 1,400, nikichukulia mbili na nusu kwa moja. Tofauti ni yuniti 2,100 na ushee. Kwa bili yako yuniti inatoka karibu senti 13, kwa hiyo dola kama 274 za mwezi huu hazikupaswa kuwepo, kabla hata ya kodi na ada. Baridi ipo, sikatai. Bili yako ya haki ingekuwa dola 320 hivi.

Sasa fanya jaribio moja. Badilisha thamostati kutoka EM HEAT kwenda HEAT, ngoja dakika kama tano, utoke nje. Niambie unasikia nini na unaona nini. Usiingize mkono wala kijiti kwenye feni. Usifungue kifuniko.

Ndugu_wa_Buja

Samahani kuingilia. Sisi tunatoka Burundi, tuko Bowling Green. Mzee wetu hapa nyumbani anasisitiza tuwashe jiko la mkaa lile dogo la kuchomea nyama, tuliweke sebuleni jioni tu, na dirisha tuache wazi kidogo. Anasema kwetu tulilala na mkaa miaka yote hatukufa. Na hilo la oveni mama Furaha alilosema, kuna ubaya?

FundiTanga

Ndugu yangu, nakuomba kwa heshima yote ya mzee: leo hii hilo jiko litoke nje na libaki nje.

Nyumba za kwetu zina upenyo. Bati limeachana na ukuta, mlango una nafasi chini, hewa inapita. Hizi za huku zimezibwa kila mahali ili joto lisitoke. Mkaa ukiungua unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inaanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mtu anadhani ni mafua au uchovu wa kazi, anakwenda kulala. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi kuitoa. Ile dhoruba ya barafu ya mwezi wa kwanza 2009 ilipoangusha umeme sehemu kubwa ya Kentucky, wapo watu waliookoka barafu wakafa ndani ya nyumba zao kwa hewa hii, ya majenereta na majiko.

Oveni ya gesi ni hatari ile ile. Oveni ya umeme haitoi hewa hiyo, ila ina hatari ya kuunguza watoto na haikupunguzii hata senti, kwa sababu nayo ni koili: yuniti moja kwa yuniti moja.

Kama mnahitaji kitu cha kuongezea, hita ndogo ya umeme ya kuchomeka, chumba kimoja mlichokaa wote, moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Usitumie waya wa kuongezea, huo unapata moto na kuunguza zulia. Iwe mbali na pazia, kitanda na nguo, na izimwe mkilala. Ujue bei yake pia: hita ya wati 1,500 ikiachwa usiku na mchana mwezi mzima ni yuniti zaidi ya 1,000, dola 140 kwa bei ya mama Furaha. Na mnunue king'ora cha kaboni monoksaidi. Kikilia, au watu wawili wakiumwa kichwa pamoja nyumba moja, tokeni wote nje kwanza ndipo mpige 911.

Mweleze mzee hivyo. Ikibidi nitazungumza naye mwenyewe.

MamaFuraha_Lexington

Kaka, nimefanya. Nimeweka HEAT. Taa nyekundu imezimika. Nje sanduku linanguruma, mmmmm, lakini feni haizunguki. Ndani imeanza kutoka hewa ya vuguvugu, halafu ya baridi.

FundiTanga

Rudisha EM HEAT sasa hivi, usingoje. Pampu ikinguruma bila feni inajichosha, na kompresa, ile mota kubwa ya pampu, ikifa ndiyo mashine nzima imekwenda.

Mlio huo mara nyingi ni kapasita, kifaa kidogo kinachoianzisha mota, au mota ya feni yenyewe. Si ugonjwa mkubwa, fundi mwenye vifaa anamaliza kazi siku hiyo hiyo. Ila usimruhusu shemeji wala jirani anayejuajua umeme afungue. Kapasita inabaki na umeme ndani hata swichi kuu ya umeme (breka) ikizimwa, inaweza kumuua mtu.

Mpaka itengenezwe, weka 68 na uiache hapo. Mtoto wa miezi saba hapaswi kulala kwenye baridi kwa sababu ya kosa la mtu wa matengenezo. Funga mapazia jioni, fungua ya upande wa jua mchana. Taulo chini ya mlango wa nje. Na angalia filta kwenye kabati la ndani: ikiwa ya kijivu na imejaa vumbi, nunua mpya, vipimo vimeandikwa ubavuni mwake, kama 16x20x1. Hiyo ni dola chache na hata pampu nzima inashindwa kazi filta ikiziba.

Kisha andika kwa ofisi ya nyumba. Usipige simu tu. Simu haina ushahidi. Tuma barua pepe au ujumbe kwenye ile programu mnayolipia kodi, ili tarehe ibaki. Andika siku mtu wao alipokuja, kwamba aliacha thamostati kwenye EM HEAT, kwamba feni ya nje haizunguki, na kwamba mnaomba fundi mwenye leseni mara moja. Ambatisha picha ya thamostati na taa yake, picha ya sanduku na hiyo theluji, na bili zote tatu. Piga picha ya theluji leo kabla haijayeyuka.

Neema_mkalimani

Shikamoo mama Furaha. Mimi niko hapa hapa Lexington, nafanya ukalimani hospitalini na mahakamani. Fundi amemaliza upande wa mashine, niruhusu niongeze upande wa karatasi.

Kwanza kampuni ya umeme. Wapigie kabla ya tarehe 21, wala usingoje notisi. Taja neno Swahili mwanzoni kabisa, waombe mkalimani, usimtumie Furaha kwa mambo ya hela na makubaliano, ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Waombe mpango wa kulipa kwa awamu, na wakubali au wakatae, andika jina la uliyeongea naye na saa. Wakati mwingine wanakupendekezea malipo ya wastani, yaani wanajumlisha mwaka mzima na kugawa kwa miezi. Ni mpango mzuri, lakini usiingie sasa hivi, maana wataweka huu mwezi mbovu ndani ya hesabu. Ngoja mashine ipone.

Mtoto kama anakohoa, mpeleke kwa daktari wake kwa ajili ya afya yake kwanza. Na ujue kwamba hapa Kentucky, umeme ukitaka kukatwa na nyumbani kuna mgonjwa ambaye hali yake itazidi, cheti cha daktari kinasogeza siku 30. Deni halifutiki, mnapata muda wa kupumua.

Pili, kuna LIHEAP. Ni msaada wa serikali kuu wa kulipia joto kwa familia zenye kipato kidogo, uko tangu sheria ya 1981. Kwa Lexington unaombwa Community Action Council. Mwanzoni mwa winta kunakuwa na sehemu ya kwanza, na kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa tatu, au mpaka hela iishe, kuna sehemu ya dharura kwa wenye bili iliyopita tarehe au notisi ya kukatiwa. Hela haiji mkononi mwako, inakwenda kampuni ya umeme moja kwa moja. Bebeni namba za Social Security au kadi za ukaazi za watu wote wa nyumbani, vithibitisho vya kipato chote cha mwezi uliopita, na bili yenyewe. Kipato kinapimwa kwa idadi ya watu. Nawaona watu wetu wanajitoa wenyewe, «mume wangu anafanya kazi, hatutapewa». Mko sita kwa mshahara mmoja, mama. Nenda ukaulize. Wenzetu mlio miji mingine pigeni 211, watawaambia ofisi yenu ni ipi.

Tatu, mwenye nyumba. Lexington ni moja ya sehemu za Kentucky zilizopitisha ile sheria ya wapangaji na wenye nyumba, URLTA. Louisville pia imo, wilaya nyingi za Kentucky hazimo. Chini ya sheria hiyo mwenye nyumba anawajibika kuweka vifaa vya joto alivyovifunga katika hali nzuri ya kufanya kazi, na mpangaji akishatoa taarifa ya maandishi ana haki zake, hata kudai hasara. Lakini nakusihi: usikate kodi kwa uamuzi wako wa nyumbani. Kodi ikikosekana notisi ya kutolewa ni ya siku 7 tu, na mahakamani nimekalimani kesi za watu waliokuwa na haki kabisa, wakapoteza nyumba kwa sababu hawakufuata utaratibu. Nenda Legal Aid of the Bluegrass kwanza, mawakili wao ni bure kwa wenye kipato kidogo.

Nikipata nafasi Alhamisi naweza kuja nikusaidie kuandika hiyo barua. Sitaki hela, nitakunywa chai.

Baraka502

Fundi, nimesoma yote nikainuka kwenda kuangalia ya kwangu. Imeandikwa HEAT, na sanduku la nje linazunguka. Ila asubuhi inaandika AUX muda mrefu sana. Mimi usiku huwa nashusha hadi 60 kubana matumizi, saa kumi na moja alfajiri narudisha 72 watoto wakiamka. Si ndivyo wanavyoshauri kila mahali?

FundiTanga

Wanashauri hivyo, kaka, na kwa mwenye tanuri la gesi ni ushauri sahihi. Wizara ya Nishati ya Marekani yenyewe inasema ukishusha nyuzi 7 hadi 10 kwa saa nane kila siku unaweza kuokoa mpaka asilimia 10 kwa mwaka. Lakini pampu ya joto ina tabia nyingine, na wizara hiyo hiyo imelisema. Pampu inapasha polepole. Ukiiambia alfajiri iruke kutoka 60 hadi 72, tena saa ambayo nje ndiyo baridi kuliko zote, thamostati inaona pengo ni kubwa na kuziita koili. Ulichookoa usiku koili zinakichukua asubuhi.

Chagua 68, iache usiku na mchana. Ukitaka kushusha, nyuzi mbili zinatosha. Halafu fuatilia yuniti za wiki mbili ulinganishe.

Na hilo sanduku la nje, ukiliona siku moja linatoa mvuke mwingi kama linaungua na feni imesimama dakika chache, usishtuke, linayeyusha barafu yake lenyewe. Wasiwasi ni pale barafu inapolifunika zima zima na haiondoki, au feni isipozunguka kabisa kama ya mama Furaha. Usiligonge kwa nyundo wala kulimwagia maji ya moto. Ondoa tu theluji na majani pembeni lipate hewa.

MamaFuraha_Lexington

Ndugu zangu, nimerudi.

Neema alikuja, tuliandika barua na picha zote. Siku ya pili ofisi ilituma tena yule mtu wao. Nikamwambia, naomba utoke nje uangalie feni. Akatoka, akarudi, akasema lazima waite kampuni. Fundi wa kampuni alikuja na gari lake, mota ya feni ilikuwa imekufa, akaibadilisha. Sasa ukutani imeandikwa HEAT peke yake. Hewa inayotoka si ya moto kama ya zamani, nikadhani bado mbovu, lakini nyumba inafika 68 na inakaa hapo. Watoto wamevua makoti.

Mita naisoma kila asubuhi na Furaha. Kabla ya kutengeneza ilikuwa inakula yuniti 108, 112, siku moja 115. Jana 69, na nje asubuhi ilikuwa nyuzi 25 za Fahrenheit.

Kampuni ya umeme wamekubali tulipe kwa awamu. LIHEAP tumepewa miadi Jumatatu. Ofisi ya nyumba wanasema watatupunguzia dola 100 kwenye kodi, wanataka tusaini karatasi. Nimewaonyesha hesabu yako ya 274, wamesema wanampelekea mwenye nyumba. Nisaini hiyo ya 100 kwanza?

FundiTanga

Alhamdulillah. Hewa ya pampu ndivyo ilivyo, ya uvuguvugu lakini inavuma muda mrefu. Usipandishe kwa kudhani haifanyi kazi.

Usisaini bado. Karatasi za namna hiyo mara nyingi zina sentensi inayosema umeridhika na hutadai tena, na kuna hasara nyingine haijafika: zile siku za mwezi wa pili kabla mota haijabadilishwa. Hizo zitatokea kwenye bili ijayo. Mpe Neema au wakili aisome neno kwa neno kwanza.

Na kama hujafanya, muombe yule fundi wa kampuni, kupitia ofisi, nakala ya karatasi ya kazi aliyoifanya. Pale ameandika tarehe na «mota ya feni ya nje». Iweke pamoja na namba ya mita uliyosoma asubuhi ile. Ukiwa na hivyo viwili, yuniti za kabla na za baada zinatengana zenyewe, na hesabu ya mwezi wa pili tutaipiga hapa hapa bili ikitoka.

Neema_mkalimani

Mama, niletee hiyo karatasi Jumatatu kabla ya miadi ya LIHEAP, nitakuwa pale saa tatu asubuhi. Bili yenyewe ya karatasi njoo nayo, si picha ya simu.